Jiwe na Kisu: Neno "Adamantly" Likifika Mezani kwa Mfasiri

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri habari, nililetewa mezani taarifa ya kesi ya mirathi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "The widow adamantly maintained that the house was hers." Muda ulikuwa umekwisha, mtambo unasubiri ukurasa. Nikafunua kamusi, nikadaka neno la kwanza nililoliona, nikaandika: "Mjane huyo alidai kwa ukaidi kwamba nyumba ni yake."

Kesho yake mchana mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga, alipanda ngazi hadi chumba cha habari pamoja na mwanawe wa kiume, gazeti likiwa kwapani. Hakupiga kelele. Alilikunjua gazeti juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye mstari ule, akauliza: "Mwanangu, ukaidi wangu uko wapi hapa?"

Nilibaki kuangalia kile kidole. Katika sentensi moja fupi nilikuwa nimemhukumu mara mbili. "Alidai" ilimtilia shaka, maana Kiswahili cha magazeti kimelitia neno hilo harufu ya uongo: anayedai ni yule ambaye hatujamwamini. "Kwa ukaidi" ikamtia aibu. Kiingereza hakikuwa kimefanya lolote kati ya hayo. Kilisema tu kwamba mama alisukumwa na hakusogea.

Tangu siku hiyo neno "adamantly" likipita mbele yangu nalisimamisha na kulikagua, na kila nikilikagua naona kwamba tatizo si kupungukiwa na neno la Kiswahili. Maneno tunayo, na mengine makali kuliko lenyewe. Tatizo ni kwamba Kiingereza hubebesha msisitizo huo kielezi, na sisi tunaubebesha kitenzi. Anayetafuta kielezi cha kukibandika pale pale kilipokuwa kile cha Kiingereza atarudi na "kwa ukaidi", au na "kwa uthabiti", neno ambalo sijamsikia mtu akilitamka sokoni.

Tuanze na lilikotoka. Wapo wanaodhani limetokana na jina la Adamu, kwa sababu ya herufi zake nne za mwanzo. Halihusiani naye kabisa. Mzizi wake ni Kigiriki, "adamas", yaani kisichofugika, kisichotiishwa. Hesiodo, mshairi wa Wagiriki wa kale, anasimulia katika Theogonia jinsi Gaia, mama dunia, alivyoumba adamasi ya rangi ya kijivu akaifanya mundu, na kwa mundu huo mwanawe Kronos akamkata baba yake. Basi mwanzoni adamasi haikuwa jiwe la pete. Ilikuwa chuma cha kufikirika, kigumu kupita vyote. Baadaye jina likahamia kwenye kitu halisi kilichostahili sifa hiyo, na kitu hicho ni almasi.

Hapo ndipo Mswahili anapaswa kutega sikio. Waarabu walilipokea neno la Kigiriki na kulifanya "almas", nasi tukalipokea kwao tukasema almasi. Kwa upande wa pili, Kilatini kililipokea neno lile lile, likapita Kifaransa, likaingia Kiingereza kwa njia mbili: likawa "diamond" na likawa "adamant". Kwa hiyo "adamantly", neno linalotutoa jasho wafasiri, ni ndugu wa damu wa almasi yetu. Wametoka tumbo moja, mmoja akaenda London, mwingine akashukia pwani yetu. Mchimbaji wa Mwadui kule Shinyanga, alikogundua almasi John Williamson, mjiolojia wa Kanada, mwaka 1940, anatamka kila siku neno ambalo Mwingereza amelificha ndani ya kielezi chake bila kujua. Na Mwingereza huyo ana deni la Mwadui: almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana hapo mwaka 1947 ndiyo aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa.

Udugu huu unaonekana wazi katika Biblia. Nabii Ezekieli, katika sura ya 3, anaambiwa na Mungu kwamba paji la uso wake limefanywa gumu ili asiwaogope watu wake wenye vichwa vigumu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia hapo neno "adamant". Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 inasema almasi, na kuilinganisha na gumegume. Gumegume ni jiwe la kutolea cheche, lile lililozipa bunduki za zamani jina lake. Msomaji aliyewahi kukishika kipande chake anajua ugumu unaozungumzwa. Watafsiri wale, huenda bila kukusudia, walilirudisha neno kwa nduguye.

Njiani neno hili lilipata ajali moja ya kuchekesha. Kilatini kina kitenzi "adamare", kupenda mno, na wasomi wa zama za kati waliona vinafanana, wakachanganya. Kitu kinachopenda mno kuvuta chuma ni sumaku, basi adamasi ikawa pia sumaku. Hadi leo sumaku kwa Kifaransa ni "aimant". Shakespeare aliucheza mchanganyiko huo katika A Midsummer Night's Dream: msichana aliyekataliwa anamwita kijana anayemkimbia kwa jina hilo, akiwa na maana ya jiwe linalomvuta na papo hapo moyo usiolainika. Baadaye maana ya sumaku ilikufa na ugumu ukabaki peke yake. John Milton, katika Paradise Lost ya mwaka 1667, aliijenga milango ya jehanamu kwa mikunjo tisa: mitatu ya shaba, mitatu ya chuma, na mitatu ya mwamba wa adamasi. Vijana wanaofuatilia filamu wanaijua adamasi kwa jina jingine, "adamantium", chuma cha makucha ya Wolverine. Chuma hicho kilizaliwa kwenye vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1969, na ukikitazama sana ni Hesiodo yule yule amevaa suruali ya kubana.

Kutoka kwenye jiwe neno likapanda hadi kwa mtu. Mtu mwenye moyo wa adamasi akawa mtu asiyebadili nia, na kivumishi "adamant" kikazoeleka hadi bungeni. Novemba 1936 Winston Churchill alikitumia kuisuta serikali ya Stanley Baldwin iliyokuwa ikisuasua mbele ya Hitler: aliwaambia, kwa maana, kwamba wamekata shauri la kutokata shauri, na wameshikilia kwa ugumu wa adamasi kuendelea kuelea tu na mkondo. Dhihaka hiyo ilichoma kwa sababu kila msikilizaji alijua kwamba neno hilo ni la anayesimama, na Churchill alikuwa amelipachika kwa anayeelea.

Sasa tuje kwenye kielezi chenyewe na tabia zake. La kwanza la kushika, ambalo kamusi nyingi hulipita haraka, ni kwamba "adamantly" linahitaji msukumo. Lazima pawe na mtu upande wa pili anayeshawishi, anayebisha, anayetisha au anayebembeleza. Ukikaa peke yako chumbani ukaamua kuacha kuvuta sigara, huwezi kuielezea hali yako kwa neno hili. Marafiki wakija na pakiti, wakakuwekea moja mdomoni, ukaitoa, wakarudisha, ukaitoa tena, hapo neno limepata kazi.

Ndiyo maana hupenda kufuatana na vitenzi vya aina fulani: kukataa, kupinga, kukana, na kushikilia kauli. "Adamantly opposed" ndiyo sura yake ya kila siku, na "adamantly refused" na "adamantly denied" ziko karibu. Pamoja na kuomba haliendi. Nimeona barua za kuomba kazi, nyingine za watu waliosoma vizuri, zikisema "I adamantly request". Mwandishi alitaka kusema anaomba kwa dhati. Alichosema ni kwamba ataomba hadi mwajiri achoke, na kwamba haondoki mlangoni. Pamoja na "insist" nako linazidi, kwa sababu kitenzi hicho tayari kimeubeba ugumu wake. Ni sawa na kusema mtu alipanda juu ghorofani.

La pili ni kwamba halina sauti. Wengi hulifikiria pamoja na ngumi mezani na mishipa ya shingo. Kiingereza kina "vehemently" kwa ajili ya moto huo, na mfasiri akilikuta hilo basi "vikali" ni jibu zuri. Kina "emphatically" kwa mtu anayelikolezea neno lake mkazo, "categorically" kwa anayekana bila kubakiza mwanya wowote, na "insistently" kwa anayerudiarudia, kama mtoto anayevuta upindo wa gauni la mama yake dukani. "Stubbornly" ndilo lenye lawama, ndilo mwenzi wa ukaidi wetu. "Adamantly" liko kando ya hayo yote. Laweza kuwa kimya. Laweza hata kutabasamu.

Nakumbuka mfano mmoja niliouona kwa macho, miaka mingi kabla sijajua Kiingereza chenyewe. Mjomba wangu alikuwa dalali wa viwanja, na likizo moja alinichukua kwenda Pangani kumwona bibi mmoja aliyekuwa na shamba la minazi karibu na maji. Mnunuzi alikuwa tayari, fedha zipo. Ilikuwa safari ya tatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Karibuni. Huyu ni nani, mwanao?"

"Mpwa wangu huyu. Bibi, nimekuja kwa lile jambo letu."

"Lile si tulilimaliza?"

"Bibi, yule bwana ameongeza. Ameongeza sana."

"Mungu amzidishie. Shamba siuzi."

Mjomba alitaja kiasi. Bibi akamwita mjukuu alete chai. Mjomba akaeleza habari za nyumba ya matofali, umeme, matibabu ya macho. Bibi alisikiliza lote, anachambua mchele, halafu akasema kwa sauti ile ile: "Ni kweli usemayo, mwanangu. Siuzi. Chai mnatia sukari?" Tulikunywa chai, tukapewa na madafu mawili ya njiani. Kwenye gari mjomba alicheka peke yake, akasema: "Yule bibi kaweka ngumu."

Ndiyo "adamantly" hiyo, yote, bila kielezi hata kimoja. Mwandishi wa Kiingereza angesema bibi "adamantly refused to sell", na angekuwa sahihi. Mimi ningeandika kwa Kiswahili kwamba bibi "alikataa vikali" ningekuwa nimemzulia, maana hapakuwa na ukali pale. Ningeandika "alikataa katakata" ningekaribia, lakini ningempa haraka ambayo hakuwa nayo.

Na hapo ndipo lilipo, kwa maoni yangu, jambo lenyewe. Ukaidi wa Kiingereza, ule usio na lawama, ni jiwe. Msimamo wa Kiswahili, tukiutaja kwa kielezi, ni kisu. Tazama maneno yetu. Katakata: sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kusikia panga. Anayeamua hukata shauri. Jibu lisilo na mjadala ni jibu la mkato. Mgomvi huambiwa tukate maneno. Katu, tulilolipata kutoka Kiarabu, lina mzizi wa kukata huko lilikotoka. Asilani nayo ni ya Kiarabu, na maana yake ya ndani ni tangu shinani, mtu anayeling'oa jambo na mizizi yake. Maneno haya yote yanamaliza. Yanakata mazungumzo mara moja, halafu mtu anaondoka. Jiwe halikati chochote. Linakaa tu, unalisukuma asubuhi, unalisukuma jioni, liko palepale.

Tofauti hiyo inafanya kazi kila siku kwenye meza ya mfasiri. Mshtakiwa aliulizwa swali moja akasema hapana: alikana katakata, hakuna tatizo. Waziri ambaye kwa miezi sita amegoma kujiuzulu, magazeti yanamshambulia, chama chake kinamnong'oneza, yeye yumo tu ofisini: hapo katakata ni neno fupi mno. Tunahitaji kitenzi cha kudumu. Ameng'ang'ania. Ameshikilia. Amebaki na lile lile. Anayepigwa hivyo na hasikii tunasema hasikii la mwadhini wala la mnadi swala, ingawa msemo huo una lawama na mfasiri aupime kwanza. Magazeti ya Kenya husema mtu "ameshikilia kukutu", na naona wivu kidogo, maana hilo "kukutu" lina ukavu wa jiwe ndani yake. Vijana wa Dar es Salaam husema fulani amekomaa, na neno hilo nalo si baya: tunda lililokomaa halitikisiki ovyo kwenye tawi.

Kuna shimo jingine ambalo wengi hutumbukia. Katakata, katu, kamwe, asilani, abadani, ng'o: yote ni maneno ya hapana. Hayasimami na ndiyo. Huwezi kusema mama "alikubali katakata", wala "alisema katakata kwamba nyumba ni yake". Kiingereza hakina ubaguzi huo. "Adamantly" hukataa, na vile vile hushikilia kwamba jambo ni kweli. Ndiyo maana sentensi yangu ya mjane ilinishinda: ilikuwa ndiyo, na mfukoni mwangu mlijaa hapana.

Ndiyo iliyoshupaa Kiswahili huieleza kwa njia nyingine, na ni njia nzuri kuliko kielezi. Kuna kiapo. Anayeshikilia kwamba alilipa deni husema "haki ya Mungu nimelipa", na anayesimulia habari zake husema "aliapa kwamba amelipa". Kuna umbo la kitenzi lenyewe: aliyekazana kufanya jambo amekaza, na aliyekaza juu ya jambo moja amelikazania. Tofauti ya herufi chache tu, na Kiingereza kinahitaji maneno matatu kuifuata. Kuna kukariri, ambako Kenya ni kusema tena lile lile, na Tanzania ni kile anachofanya mwanafunzi usiku wa mtihani. Kuna na kule kurudufu kwetu: palepale, vilevile, lilelile. "Kila akiulizwa jibu lilikuwa lilelile, nyumba ni yangu." Hapo msomaji amemwona mama akiulizwa mara nyingi, amemsikia akijibu, na hakuna aliyemwita mkaidi.

Mfano mkubwa wa mbinu hii ni hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Waafrika wenzake walikuwa wakimtaka akubali usuluhishi, naye hakukubali mvamizi apewe hadhi sawa na aliyevamiwa. Kila Mtanzania wa rika langu anayakumbuka mambo matatu aliyoyataja: uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, na kwamba vyote vitatu tunavyo. Hakuna kielezi katika kauli hiyo. Hakuna "kwa nguvu zote" wala "bila kutetereka". Ni kitenzi kimoja cha kuwa na kitu, kimerudi mara tatu kama nyundo. Mwandishi wa habari wa nje aliyekuwa akiandika kwa Kiingereza alihitaji "adamantly" ili kuieleza hali ile. Mwalimu hakulihitaji.

Nirudi kidogo kwenye suala la lawama, kwa sababu ndilo lililonitoa jasho siku ile. Mwanafalsafa Bertrand Russell, akizungumza redioni BBC miaka ya 1940, aliwachekesha wasikilizaji kwa kukinyambua kivumishi kana kwamba ni kitenzi: mimi nina msimamo, wewe ni mbishi, yule ni mpumbavu mwenye kichwa kigumu. Watatu hao wanafanya kitendo kimoja. Kinachobadilika ni umbali wao kutoka kwa msemaji. Kiswahili kimejaa ngazi hizo. Msimamo ni sifa. Ubishi ni mchezo, na barazani ni burudani. Ukaidi ni kosa, na mkaidi tumeshamwambia kwamba hafaidi hadi siku ya Idi. Inda, ushupavu, kichwa ngumu, kila kimoja kina kiti chake katika baraza la sifa na lawama. Malezi yetu yametufundisha kusikia la mkuu, kwa hiyo mtu asiyesogea lazima tumpangie upande: ni shujaa au ni mtovu wa adabu.

"Adamantly" halimpangii. Liko katikati, au karibu na katikati. Ukilisoma katika habari ya mpigania haki linaelekea kwenye sifa, ukilisoma katika habari ya dikteta linaelekea kwenye lawama, lakini lenyewe limekaa kimya na kumwachia msomaji. Ndiyo sababu waandishi wa habari wa Kiingereza wanalipenda: linawawezesha kusema mtu hasogei bila kusema kama ana haki ya kutosogea. Hata nafsi ya kwanza halipendi sana. Mtu huandika "I firmly believe" kuhusu imani yake mwenyewe, kwa sababu "firmly" lina heshima. Akisema "I adamantly believe" sentensi inayumba kidogo, kama mtu anayejipiga picha akiwa amekunja uso. "I adamantly oppose" inakubalika, kwa kuwa upinzani tayari una mtu wa upande wa pili.

Na halisemi lolote kuhusu ukweli. Hili watu hulisahau. Januari 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani alisimama mbele ya kamera akakana uhusiano na Monica Lewinsky kwa namna ambayo kila gazeti liliweza kuieleza kwa neno hili, na Agosti mwaka huo huo akakiri kwamba uhusiano usiofaa ulikuwapo. Kielezi hakikuwa kimekosea. Kilieleza jinsi alivyosimama, hakikueleza alisimama juu ya nini. Almasi yenyewe iko hivyo. Pliny wa Roma aliandika kwamba adamasi huvunja nyundo na fuawe, na kwamba kitu pekee kinachoilainisha ni damu ya moto ya mbuzi. Alikosea. Hakuna jiwe jingine la asili linaloweza kuikwaruza almasi, lakini ina nyuzi zake ndani, na anayezijua huipasua. Almasi ya Cullinan, karati 3,106, iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905, ilipasuliwa Amsterdam mwaka 1908 kwa ubapa wa chuma na pigo la mkono wa Joseph Asscher.

Neno moja la matamshi kabla sijasahau, kwa walimu. Sisi tumezoea kukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunasema adaMANTli. Waingereza hukandamiza ya kwanza kabisa, ADamantli. Na katika mazungumzo ya kawaida hawalitumii sana hilo la "-ly". Husema tu "she's adamant", kivumishi, basi. Kielezi ni cha maandishi, cha magazeti na ripoti. Mwanafunzi anayetaka kusikika kama mwenyeji na ajifunze kivumishi kwanza.

Kwa wenzangu wa meza za tafsiri, ombi langu ni dogo. Mkikutana na neno hili, msikimbilie "vikali". Tumelitumia "vikali" hadi limechakaa: serikali imelaani vikali, upinzani umepinga vikali, kocha amekanusha vikali, na msomaji hajui tena nani alipandisha hasira na nani alisema tu hapana. Ulizeni kwanza nani alikuwa akisukuma, mara ngapi, na huyu aliyesukumwa alisema hapana au alisema ndiyo. Jibu litawaletea kitenzi. Kikishapatikana kitenzi, kielezi mara nyingi hakina kazi.

Yule mama mjane hakutaka fidia wala barua ya wanasheria. Alitaka sentensi yake irekebishwe, na hakuondoka hadi mhariri alipomhakikishia. Marekebisho yalitoka kesho yake ukurasa wa 4, chini ya matangazo ya vifo, mistari mitatu: "Katika toleo la jana tulimwelezea mjane katika kesi ya mirathi isivyostahili. Mjane huyo alishikilia kwamba nyumba ni yake. Tunamwomba radhi."